Kwa nini 2:03:02 ya Geoffrey Mutai haikuwa rekodi ya dunia?

Mzee_wa_Kapsabet:
Wadau, nisaidieni. Jana kwa kinyozi tulizozana nusura tukunjane mashati. Mutai alikimbia marathoni ya Boston mwaka 2011 kwa 2:03:02, na rekodi ya Haile Gebrselassie wakati huo ilikuwa 2:03:59. Karibu dakika nzima! Mbona akanyimwa? Kinyozi anasema ni fitina za wazungu.

Spidi254:
Upepo, mzee. Siku ile ulikuwa unawasukuma mgongoni. Hata 9.77 ya Omanyala kwenye mita 100 pale Kasarani 2021 ilikubaliwa kwa sababu upepo ulisoma 1.2. Ungepita mita 2 kwa sekunde, kwisha habari.

Baiskeli_ya_Alfajiri:
Upepo ulikuwepo, Spidi, ila kwenye marathoni hakuna anayeupima. Kinachoangaliwa ni barabara. Mwanzo na mwisho, kwa mstari ulionyooka, visiachane zaidi ya nusu ya urefu wa mbio, na mteremko usizidi mita 1 kwa kila kilomita, yaani mita 42 hivi. Boston inaanzia Hopkinton, inakwenda upande mmoja tu hadi mjini, na inashuka kama mita 140. Mzee, mwambie kinyozi kwamba Septemba ya mwaka huohuo rekodi ilichukuliwa na Mkenya mwingine, Patrick Makau, kwa 2:03:38 pale Berlin.

Mimi husaidia kupima njia za mbio za barabarani, na hatupimi kwa gari wala kwa simu. Ni baiskeli yenye kaunta ndogo kwenye gurudumu la mbele. Alfajiri, kabla matatu hazijaanza fujo, tunanyoosha utepe wa chuma kwenye lami hadi tupate mita 300, nazipita mara nne nikiandika namba. Halafu njia nzima, kila kona sentimita 30 tu kutoka ukingoni, maana mkimbiaji naye ataikata hivyohivyo. Jua likichomoza tairi inatanuka na kaunta inasoma pungufu, kwa hiyo tukimaliza tunarudi kwenye zile mita 300, mara nne tena. Juu ya hapo tunaongeza mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Kila mwaka kuna mtu hunifuata na saa yake ya mkononi kuniambia nimemzidishia. Ndiyo, nimekuzidishia.

Mzee_wa_Kapsabet:
Asante, hiyo ya tairi sikuijua. Na 1:59:40 ya Kipchoge kule Vienna?

Baiskeli_ya_Alfajiri:
Hayakuwa mashindano ya wazi. Wawekaji kasi 41 walipokezana, kinywaji akiletewa kwa baiskeli. Yeye mwenyewe alijua.

Kinachoniuma mimi ni rekodi ya dunia ya Kelvin Kiptum. Alikimbia 2:00:35 Chicago, Oktoba 8, 2023. Hata baada ya mbio kama ile lazima karatasi za njia na majibu ya vipimo vya dawa zikaguliwe. Ikaidhinishwa Februari 6, 2024. Tarehe 11 usiku tukapata habari za ajali ya gari iliyomuua.