Wakuu naombeni ushauri, niko kwenye daiti ya kupunguza wanga, soya inaruhusiwa au ndo marufuku?

mama_wawili_moro
Habarini wapendwa, poleni na majukumu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, niko Morogoro, nina sukari ile ya ukubwani na natumia dawa ya metfomini tu. Ugali, wali, mihogo, chapati nimeachana navyo, naenda na mayai, dagaa, mchicha, parachichi na nyama siku ikipatikana, na kweli sukari imetulia namshukuru Mungu. Sasa shida ni mfuko, nyama ya kila siku siiwezi na mayai yamenikinai kabisa. Jirani akaniambia kula soya. Nikauliza kwenye grupu letu la wasap la daiti, weee nilirukiwa kama mwizi, eti soya ni jamii ya kunde na kunde zote ni wanga, mwingine anasema hapana ile ni mafuta kula tu. Na mume wangu akisikia soya anakuja juu, anasema wanaume wakila wanaota matiti. Nile nisile? Na kama nala nailaje?

kijiwe_nongwa
Mumeo akiota matiti si atakusaidia kunyonyesha 😂😂 ngoja waje wataalamu, nimekaa paleee

dada_lishe
Pole mama wawili. Soya ni jamii ya kunde ndio, ila usiiweke kapu moja na maharage. Maharage ya kuchemsha gramu 100 yana wanga kama gramu 23. Soya ya kuchemsha uzito huo huo ina kama 8, na kwenye hizo 8 karibu 6 ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari, protini inafika 17 na mafuta 9. Maharage yanaweka akiba yake kwa wanga, soya inaweka kwa mafuta na protini, ndo maana soya inakamuliwa mafuta ya kupikia, nani alishawahi kukuta mafuta ya maharage dukani?

Ila usikimbie sokoni kwanza. Unga wa lishe wenye soya wala usiuguse, pale ni mahindi, ulezi, mchele, soya yenyewe imewekwa ya kuombea maji. Ile ya kunywa kama kahawa geuza kopo usome nyuma, zingine wamechanganya na nafaka. Maziwa ya soya ya pakiti mengi yana sukari, tafuta yasiyotiwa sukari. Tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, ndo rafiki yako kuliko zote, wanga wake ni gramu mbili tatu kwenye 100.

keto_ngumu
Napinga. Hizi hesabu za kutoa nyuzinyuzi ndo zinawarudisha watu kwenye vitambi, hesabu wanga WOTE. Kikombe kimoja cha soya ya kuchemsha ni gramu 14, sasa mtu anayekula wanga gramu 20 tu kwa siku abakiwe na nini? Dagaa hana wanga hata chembe na bei yake ni ya mwananchi. Soya ni chakula cha kuku.

dada_lishe
@keto_ngumu hizo 20 ni za keto kali, ile daiti ya kukata wanga karibu wote, mwenye uzi hajasema yuko huko, kasema anapunguza. Na hata ukihesabu yote, hicho kikombe chako kina protini gramu 30 hivi, nani anakula kikombe kizima peke yake pembeni ya mboga? Dagaa nakuunga mkono, ale vyote. Kama ana mashine ya kupima sukari, akila soya apime baada ya masaa mawili aone mwenyewe.

Na nyie wengine mnaosoma kimya kimya, huyu yuko kwenye metfomini peke yake ambayo kushusha sukari kupita kiasi ni nadra. Wewe wa insulini au vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi usikate wanga kabla hujaongea na daktari wako akupangie dozi upya, utaanguka mchana kweupe.

mkulima_wa_songea
Sisi tunaolima huku, mbichi USISAGE. Soya mbichi ina vitu vinazuia tumbo kusaga protini, ndo hao mnaosikia kanywa uji wa soya kashinda chooni. Chemsha, menya maganda kwa kusugua kwenye maji, anika ikauke kabisa ndo upeleke mashine. Na mashineni napo kuna mambo, kama wametoka kusaga mahindi unga wa mwanzo unatoka na mahindi ya mwenzio, we unajua una unga wa soya kumbe nusu dona. Mwambie asafishe au ule wa kwanza wape kuku.

keto_ngumu
Hapo kwa mashine umesema kweli mkulima, wengi hawajui hili

wa_nyeri
Na zile soya chanks kavu za pakiti? Huku Kenya ndizo tunakula sana mwisho wa mwezi, unaloweka kwa maji moto, unakamua vizuri umwage hayo maji, halafu unakaanga na kitunguu, nyanya na dania. Aki ni tamu.

dada_lishe
Zile zimetolewa mafuta, nusu ya uzito wake mkavu ni protini ila kama theluthi ni wanga, ukijumlisha na nyuzinyuzi. Kiganja kimoja kabla ya kuloweka sio shida, pakiti zima ni shida. Angalia pia zile zenye viungo tayari, chumvi imejaa.

bi_shufaa
Na sisi wa tezi la shingo jamani? Natumia levothairoksini

dada_lishe
Bi Shufaa soya inapunguza kufyonzwa kwa hiyo dawa, acha kama masaa manne katikati na umwambie daktari kama umeanza kuila kila siku.

Ya matiti, 2008 kuna mzee wa miaka 60 kule Marekani aliripotiwa kifua kimevimba, alikuwa anakunywa maziwa ya soya karibu lita tatu KILA SIKU, alivyoacha kikapona. Tafiti zilizojumlishwa 2010 na tena 2021 hazikuona soya ikishusha homoni za kiume. Shemeji ale tu.

mama_wawili_moro
Jamani asanteni, hata shemeji yenu kanyamaza. Tofu Moro sijaiona, naweza kutengeneza?

mkulima_wa_songea
Unaweza. Loweka usiku, saga kwenye blenda na maji, chuja na kitambaa kama tui. Hilo tui lichemshe na usiondoke jikoni maana linafura na kumwagika kuliko maziwa ya ng'ombe. Likichemka kama dakika kumi epua, tia ndimu kidogo kidogo huku unakoroga polepole mpaka ligande mabonge na maji yabaki maangavu ya njano kidogo kama ya mtindi. Mimina kwenye kitambaa, funga, weka jiwe juu lisaa limoja. Ndimu ikizidi inakuwa chachu, na soya ya zamani iliyokaa stoo haigandi vizuri, sokoni chagua punje za rangi isiyokolea, zisizo na madoa.