Nyie wenye wiki za korosho, kiungo siyo maelezo! Mnatuzungusha

Wakuu habarini. Nimevumilia vya kutosha, leo naongea.

Huku Mtwara siku hizi vijana waliosoma kilimo, na baadhi ya makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), kila mmoja ana wiki yake binafsi, siyo wiki ya siku saba, ni kama daftari la kwenye simu au kompyuta. Kurasa fupifupi zimeunganishwa kwa viungo, yaani maneno ya bluu unayobonyeza yakupeleke ukurasa mwingine, zinaeleza korosho kuanzia shambani mpaka mnadani. Jambo zuri sana, na kwa hilo nawapongeza kwa dhati. Kinachoniudhi ni kwamba mnaandika kwa ajili yenu wenyewe, halafu mnazimwaga kwenye magrupu ya wakulima mkisema "someni, kila kitu kimo humo". Hakimo!

Kuna wiki moja, mwenye nayo yumo humu na simtaji. Nimefungua ukurasa wa Autitani, umeandikwa: "Autitani ni KOR ya loti." Nikabonyeza KOR: "Kipimo cha ubora wa korosho ghafi. Tazama Autitani." Nikabonyeza loti, yaani fungu la korosho za wakulima wengi linalouzwa pamoja, ikanitupa kwenye stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka korosho ghalani ukapewa karatasi. Huko nikakuta tarehe ya sheria, mwaka 2005, na kwamba korosho ziliingia kwenye mfumo huo msimu wa 2007/2008. Sawa, lakini mkulima anayeshika ile karatasi mkononi inamthibitishia nini, inamdai nini, hakuna hata sentensi moja. Bando langu limekwisha na sijaambiwa kitu.

Mnaweza kusema nalalamikia mambo madogo. Msimu uliopita kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi, karani alisimama akasoma: autitani imeshuka, loti yetu imetoka 46, bei ndiyo hiyo. Akakaa. Mama yangu mkubwa, ambaye mikorosho yake kaipalilia tangu mimi sijazaliwa, akanyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo arobaini na sita ni ya nini?" Karani akamjibu, "Bibi, hayo ni mambo ya kitaalamu." Watu wakacheka. Kijana mmoja akatoa simu, akafungua hiyohiyo wiki yenu ili amsaidie, akamsomea kwa sauti: KOR, tazama Autitani. Mama mkubwa akajifunga kanga yake vizuri na hakufungua mdomo tena mpaka mkutano ukaisha. Mtu mzima ameaibishwa mbele za watu kwa kuuliza habari za mali yake!

Na jibu lenyewe wala halina ugumu, ngoja niliandike hapa hapa. Mpimaji anachota sampuli kwenye magunia, anapima kilo moja, anakata kila korosho katikati. Anazitenga mezani: zenye kiini kizuri huku, zenye madoa huku, zilizooza na zilizo tupu kule. Anabandua viini, anaviweka kwenye mizani. Viini vizuri vinahesabiwa uzito wote, vyenye madoa vinahesabiwa nusu ya uzito wake, vibovu havihesabiwi. Tuseme jumla imekuja gramu 280. Unazidisha mara 80, kwa sababu wanunuzi wa korosho ghafi wanapiga hesabu kwa gunia la kilo 80. Unapata kilo 22.4. Unazigeuza ziwe ratili, na ratili moja ni kama gramu 454, inakuja 49 na ushee. Basi hiyo ndiyo autitani 49, na KOR ni jina jingine la kitu hichohicho: ukibangua gunia la kilo 80 utatoka na ratili 49 za kiini cha kuuza. Loti ya 46 maana yake kila gunia limepungukiwa ratili tatu za kiini, kilo moja na zaidi ya robo.

Mama mkubwa angeambiwa hivyo, asingenyamaza. Angeuliza sampuli imechotwa kwenye magunia mangapi. Angeuliza nani alishuhudia ukataji na karatasi ya vipimo iko wapi. Angetaka kujua ni nani kaleta korosho ambazo hazijaanikwa zikakauka, au nani kachanganya za mwaka jana na za mwaka huu, maana loti ni ya wote na akiharibu mmoja tunaumia chama kizima. Maswali yote hayo yamefichwa nyuma ya neno moja ambalo nyinyi mmeona linatosha kuliwekea rangi ya bluu na mstari chini yake.

Nilipomwandikia mwenye wiki, alinijibu kwamba viungo ndiyo wiki yenyewe, na kwamba akirahisisha atapotosha taaluma. Yote mawili nayakataa.

Ward Cunningham, yule Mmarekani aliyeianzisha wiki ya kwanza mwaka 1995, aliiacha wazi ili anayesoma aweze pia kurekebisha. Na neno lililokuwa bado halina ukurasa lilionekana na alama ya kuuliza, kumkaribisha mwenye kujua aandike. Afadhali hiyo mara mia. Ukurasa ambao haupo unakiri haupo, lakini ukurasa unaosema "tazama Autitani" unajifanya umejibu. Wiki zenu mmezifunga, hakuna anayeweza kusahihisha hata nukta, kwa hiyo msijifiche nyuma ya neno wiki.

Wala msisingizie programu. Wengi wenu mnatumia TiddlyWiki, najua kwa kuziangalia tu. Ile ipo tangu 2004, wiki nzima ni faili moja, unaifungua kwenye simu bila bando ukishakuwa nayo. Na inakuwezesha kuandika maelezo mara moja kisha yakatokea ndani ya kila ukurasa unaoyahitaji, msomaji asihame hata hatua moja. Mnakijua hicho kitu. Mnakitumia kuweka majina yenu na vyeo vyenu chini ya kila ukurasa!

Kuhusu kupotosha, nioneshwe hapo juu ni wapi nimepotosha. Namba zote zimo, ratili zimo, nusu ya madoa imo. Kilichopotosha ni ukurasa wenu wa salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ubwiri unga, ugonjwa unaoshika maua ya mikorosho, unaosema "ni kinga dhidi ya ubwiri unga, itumike kabla ya shinikizo la maambukizi kupanda". Mkulima wa Tandahimba afanye nini na sentensi hiyo? Naliendele pako hapa hapa Mtwara, utafiti wa korosho umefanyika miaka na miaka, na mabwana shamba wazuri wanawaambia watu kwa lugha iliyonyooka: anza kupuliza machipukizi na maua yanapoanza kutoka, pulizia alfajiri umande ungalipo na upepo haujaamka ili unga ushike, na usisubiri, kwa sababu ua likishashikwa na ule weupe kama majivu likakauka, salfa hailirudishi. Mtu akisoma ya kwenu akangoja aone ugonjwa kwanza, amepoteza mavuno ya mkorosho huo kwa mwaka mzima. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu salfa inagharimu na watu wanaitegemea.

Ninachotaka ni hiki. Kila neno la kitaalamu lielezwe palepale linapotokea kwa mara ya kwanza, ndani ya sentensi, na kama lina hesabu basi hesabu ifanywe mpaka mwisho kwa mfano. Kiungo kije baadaye kwa anayetaka kuzama zaidi. Na kabla hujasambaza, msomee mtu mmoja anayelima ambaye hakusoma ulichosoma wewe, umwombe akueleze alivyoelewa. Akikwama, rudi kaandike upya.

Mimi kurasa zangu za autitani, unyevu, stakabadhi na makato nimeshaziandika hivyo. Anayetaka faili aseme hapa chini nimtumie, na akiona kosa arekebishe. Na wewe mwenye ile wiki, mnada wa kwanza uko karibu: ukurasa wa Autitani unaubadilisha lini?