Wakuu msaada: nakadiria hali ya gridi, J inatoka maelfu na sasa matriksi imegoma kabisa

Nodi14:
Habari zenu wakuu. Niko na projekti ya kukadiria hali ya gridi, yaani una vipimo vya mita vyenye kelele halafu unatafuta volteji na engo ya kila nodi (pale laini zinapokutana). Natumia ule mtandao wa majaribio wa IEEE wa nodi 14, njia ni ile ya least squares yenye uzito, naanza flati volteji zote 1 engo zote 0. Nina vipimo 41 na vitu vya kutafuta 27, kwa hiyo zinabaki digrii 14 za uhuru na kizingiti cha chi-skwea kwa asilimia 95 ni 23.68, yaani J (jumla ya skwea za baki, kila moja na uzito wake) isizidi hapo. Sasa J yangu inatoka maelfu!! Nikaangalia baki, yaani kipimo toa makadirio, nikaona injeksheni (pawa inayoingia au kutoka kwenye nodi) za nodi ya 4, 7 na 8 ndo zina baki kubwa nikazitoa zote tatu kwa mpigo, na hapo ndo mambo yakaharibika kabisa, programu inasema gain matriksi, ile ya kutatua ili jibu lipatikane, haina inverse. Vipimo 38 kwa 27 bado si vinatosha jamani? Faili la vipimo nimepewa, sijatengeneza mimi.

KijanaWaData:
Mkuu achana na hizo za zamani, treni neural network tu ikutolee volteji

Mzee_wa_Relei:
@KijanaWaData na siku brekia ikifunguka mtandao ukabadilika umbo utaitreni tena? Tuache utani.

Nodi14, idadi haikusaidii kama mita hazijakaa mahali pake. Chukua karatasi uchore nodi ya 8. Imening'inia kwenye tawi moja tu, la 7 kwenda 8. Kama tawi hilo halina mita ya mtiririko, basi engo ya nodi ya 8 inajulikana kupitia injeksheni ya 7 au injeksheni ya 8, hakuna njia ya tatu. Wewe umezing'oa zote mbili, sasa hiyo engo inaelea tu, itatokaje inverse? Ungetoa moja ukakadiria upya ungeona iliyobaki imekuwa kipimo cha lazima, yaani ukikitoa hesabu haitatuliki, na kipimo cha lazima baki lake ni sifuri siku zote hata mita ikidanganya vipi. Wengi wakiona sifuri wanafurahi, kumbe pale hakuna wa kumhakiki.

dadaMatriksi:
Naongezea kwa Mzee. Kosa la msingi ni kuangalia baki ghafi. Least squares inamsambazia kila jirani kosa la mita moja mbovu, mwisho mita isiyo na kosa ndo inaonekana na baki kubwa. Unatakiwa ugawe kila baki kwa sigma (kipimo cha mtawanyiko) yake yenyewe ya baki, sio sigma ya mita. Tengeneza R toa H mara inverse ya G mara H transpozi (R ni sigma skwea za mita, H ni jinsi kila kipimo kinavyobadilika na volteji na engo, G ndo gain matriksi), chukua namba za kwenye mshazari, tafuta mizizi yake, gawa. Kubwa kuliko zote ikizidi 3 itoe HIYO MOJA, kadiria upya, rudia. Ila jua kitu kimoja, injeksheni ya 7 na 8 kwako ni pea, baki zao zikishagawanywa hivyo zitatoka sawasawa kila mara, kwa hiyo ukiona zinalingana usijiulize mara mbili, pale unaweza kujua kuna kosa lakini huwezi kujua ni la nani.

mwanagridi:
Angalia na hali ya swichi pia, umbo la mtandao likiwa siyo, hata mita nzima zitaonekana mbovu. Tarehe 14 Agosti 2003 kabla ya ule umeme kukatika kwa watu kama milioni 50 Marekani na Kanada, kikadiriaji cha MISO (wasimamizi wa gridi ya Midwest ya Marekani) kiligoma kutoa jibu kwa sababu laini moja ilishakatika ila kwenye modeli ilikuwa bado inaonekana iko hewani. Jamaa akazima ile raundi ya otomatiki ya kila dakika 5 ili arekebishe, akarekebisha vizuri tu, akaenda kula bila kuiwasha tena.

Nodi14:
Duh huyo wa kula ameniua 😂

Wakuu nimerudisha zote nikafanya alivyosema dada, kinara ni mtiririko wa 4 kwenda 5, uko mbali sana juu ya 3! Faili linasema +0.62 wakati pawa pale inatoka 5 kwenda 4, inatakiwa iwe hasi. Nigeuze alama tu?

dadaMatriksi:
Usigeuze, hamisha. Mtiririko wa pale ukiusoma upande wa 4 ni kama -0.612, upande wa 5 ni kama 0.617, tofauti ni ule upotevu wa njiani. Hiyo 0.62 yako ni mita iliyokaa upande wa 5, aliyeandaa faili kabadilisha namba za nodi. Iandike 5 kwenda 4.

Nodi14:
J imeshuka chini ya 23.68, asanteni sana!! La mwisho, nodi ya 7 haina mzigo wala jenereta, nikiipa injeksheni sifuri na sigma 0.000001 si ndo itakuwa sahihi zaidi?

Mzee_wa_Relei:
Kweli ni sifuri, tena bila kelele. Ila uzito ni moja gawa kwa sigma skwea, kwa hiyo unapata uzito wa 1 yenye sifuri 12 ukiwa jirani na mita zenye uzito wa 10,000, na hiyo gain matriksi ishaongeza skwea ya pili juu ya matatizo ya H. Tarakimu zitakuishia. Iweke kama sharti la usawa kwa Lagrange, yaani lazima itimie kamili bila uzito, au kama hutaki kubadilisha kodi sana tumia QR, inayoipasua H moja kwa moja bila kuunda gain matriksi.