Tiba ya seli za kinga India: tumchangie kijana au tumwache?

Mwana Mikindani:
Wakuu, jirani yangu ana kijana wa miaka 19, saratani ya damu imemrudia mara ya pili. Wameambiwa India ipo tiba: wanamtoa seli zake za kinga, zinabadilishwa maabara ziitambue saratani, kisha anarudishiwa kwa dripu. Mtaani tumeanza kuchanga. Lakini nasoma kwamba zikiingia zinaweza kumgeukia mwenyewe: homa kali, presha kushuka, wengine wanapoteza kauli. Tunachangia uzima au mateso?

Kijana wa Newala:
Mateso gani kuliko saratani yenyewe? Emily Whitehead wa Marekani, mtoto wa kwanza kupewa, mwaka 2012, alifika kwenye mashine ya kupumulia. Wakampa dawa ya moyo, akaamka.

Nesi wa Zamu:
Si ya moyo, mdogo wangu, ni ya baridi yabisi. Inatuliza ule moto wa kinga. Aliamka siku aliyotimiza miaka saba. Siku hizi dawa hiyo inawekwa tayari kabla mgonjwa hajaanza. Na mgonjwa anaandikishwa sentensi kila siku; mwandiko ukiharibika, wanajua ubongo umeguswa.

Mgeni wa Dar:
Pesa si wanazo? Korosho zikiuzwa mnacheza unyago wiki nzima, mkiugua mnapitisha bakuli.

Bi Shangani:
Wewe Mgeni, unyago wa mwanangu umekuuma wapi? Salfa ya kupulizia mikorosho nimekopa, chama cha msingi kimekata chake, pesa imekuja mafungu mafungu. Nilichowapikia wageni wangu hata tiketi ya basi la Dar hakifiki, sembuse India.

Kijana wa Newala:
Mwambie bibi! Harusi zao za ukumbini na kamati zake mbona hatuzisemi?

Mzee wa Nyangao:
Mimi namtetea Mgeni kidogo. Kaka yangu alivimba tezi shingoni, tukasema kapigwa jini. Tulizunguka kwa waganga miezi minane. Tulipompandisha basi la alfajiri kwenda Dar, shati la shule lilikuwa linampwaya kama kanzu. Tulimrudisha kwa kumzika. Ngoma haikumuua, ila kuchelewa kulimuua.

Bi Shangani:
Pole, kaka. Lakini uganga na unyago ni vitu viwili. Msituchanganye.

Mgeni wa Dar:
Sawa, neno la unyago nimelikosea, samahani. Lakini wenzetu wanasema tiba hiyo inaleta saratani nyingine. Mbona hamlisemi?

Nesi wa Zamu:
Lisemwe. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe. Waliopata ni wachache sana kati ya maelfu waliotibiwa. Aliyerudiwa na saratani mara mbili hana njia nyingi zilizobaki. Na India waliidhinisha ya kwao Oktoba 2023, kwa wenye miaka 15 na zaidi, kwa bei ya chini mno kuliko ile ya Marekani iliyoanza kwa dola 475,000 mwaka 2017.

Mwana Mikindani:
Basi nigeuze swali. Nesi, nani anaanza kugundua kwamba kauli imebadilika?

Nesi wa Zamu:
Mara nyingi ni ndugu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Na wanatakiwa kubaki karibu na hospitali wiki kadhaa.

Mwana Mikindani:
Hapo ndipo roho inaniuma. Mama yake presha inamsumbua, hawezi kusafiri. Yule kijana akizidiwa na homa huongea Kimakonde kitupu. Daktari wa Mumbai atajuaje kama anasema la maana au anaropoka?

Bi Shangani:
Kimakonde nimezaliwa nacho. Pasi ninayo, niliitoa kwa ajili ya Hija na muda wake bado. Nitumie namba ya mama yake pembeni, kesho asubuhi nampitia. Na Mgeni, samahani yako nimeiona. Sasa tuma na mchango.