Kifurushi cha tiketi za wanafunzi: nataka kikapu, kwa nini nilipie na futiboli?

BintiPangani
Wakuu, salama? Mlioko vyuo vya Marekani nisaidieni, huenda mimi ndiye sielewi. Chuo chetu (cha jimbo, huku Magharibi ya Kati, jina tuliache) mwaka jana kilikuwa kinamuuzia mwanafunzi tiketi za msimu za kikapu cha wanaume peke yake, dola 90. Mwaka huu wamefuta. Kuna kifurushi kimoja tu, dola 240: futiboli ya Kimarekani, kikapu cha wanaume, halafu wakajazia kikapu cha wanawake, wavu na hoki ya barafu. Ukitaka kikapu tupu unaambiwa usubiri viti vitakavyobaki, na kwa timu tuliyonayo mwaka huu havibaki.

Futiboli nimeenda mara moja. Zaidi ya saa tatu, na muda mwingi wanaume wamesimama wanasubiri matangazo ya televisheni yaishe. Benchi ni bati, baridi inakupandia kutokea chini, na ukikaa unazomewa kwa sababu upande wa wanafunzi lazima msimame. Sirudi. Na kumbukeni kwenye ada yetu tayari kuna mstari wa ada ya michezo, tunalipa wote, uende usiende. Sasa hii ni biashara au ni kukamuana? Nataka hoja, matusi pelekeni kwingine.

Kipanga
Dada, hutaki usinunue. Hakuna aliyekushikia bakora. Mtu baki anayetaka mechi moja tu ya mahasimu anatoa zaidi ya dola 100 na anakalishwa juu kabisa. Wewe unapewa msimu mzima wa michezo mitano kwa 240, gawanya uone inakuja shilingi ngapi kwa mechi. Ni kama bure. Futiboli ndiyo inayolisha ukoo mzima hapo chuoni, waogeleaji, wakimbiaji, hadi hao wasichana wa wavu ambao hata ukilipwa huwezi kwenda kuwatazama. Ilipiwe tu.

Fundi wa Geti
Nimefanya kazi ya muda kwenye mageti ya chuo misimu miwili, nawaambia nilichokiona. Kifurushi hakikuwekwa ili wanafunzi waende futiboli. Kimewekwa ili tiketi za futiboli *zihesabike zimeuzwa*. Mwanafunzi anakuja, anaskani simu, anapiga picha na rangi usoni, robo ya pili haijaisha ameshatoka kurudi kwenye sherehe ya maegeshoni, ile ya kula na kunywa penye magari. Wengine hawaji kabisa. Idadi inayotangazwa kwenye spika ni ya tiketi zilizotolewa, si ya vichwa vilivyopita getini. Mimi nilikuwa naona mashine yangu inasoma nini na spika inasema nini, ni vitu viwili tofauti.

Na hapo ndipo swali la mleta mada lilipo: kama futiboli inalisha kila mtu, kwa nini inahitaji kubebwa na kikapu ili iuzike kwa wanafunzi?

Kipanga
Sherehe ya maegeshoni ni utamaduni wao, waache. Usiwaonee wivu.

Baba Furaha (Uvira)
Samahani ndugu zangu, mimi si mwanafunzi, ni mzazi. Natoka Uvira, tuko Iowa mwaka wa tisa sasa. Kipanga, hayo maneno ya "hata ukilipwa huwezi kwenda kuwatazama" umeyatoa wapi? Binti yangu anacheza wavu sekondari. Nataka nikuelimishe kwa heshima.

Oktoba 2023, hapa Iowa, timu ya kikapu ya wasichana ya chuo kikuu, ile ya nyota Caitlin Clark, ilicheza nje, ndani ya uwanja wa futiboli wa Kinnick. Mechi ya kirafiki. Watu 55,646. Agosti ya mwaka huo huo, jirani zetu wa chuo kikuu cha Nebraska walicheza wavu ndani ya uwanja wa futiboli, watu 92,003. Wavu, Kipanga. Wa wasichana. Na fainali ya kikapu ya vyuo ya 2024, ya wanawake ilitazamwa na watu karibu milioni 19 kwenye televisheni, ya wanaume haikufika hata milioni 15. Msimu ule wa Clark tiketi za msimu za wasichana ziliisha zote. Nilizitafuta, sikupata. Nilikuwa tayari kulipa, si kulipwa.

BintiPangani
Asante baba yangu. Ila naomba tusitoke kwenye mada, sijasema wasichana hawatazamwi.

Mlinzi wa Lango Jr
@BintiPangani umeandika "wakajazia kikapu cha wanawake". Wakajazia. Nakunukuu.

BintiPangani
Nimesema wamejazia kwenye *kifurushi*. Ni bei ninayoongelea. Mbona mnasoma kama mnatafuta ugomvi?

Mlinzi wa Lango Jr
Sitafuti, nimeukuta umeshaanikwa.

Kipanga
Baba Furaha, shikamoo. Nebraska ni siku moja, waliitangaza kama tukio la kuvunja rekodi. Nenda Jumanne ya kawaida na mvua inanyesha, uniambie.

Baba Furaha (Uvira)
Marahaba. Nebraska siku za kawaida wavu unajaa kuanzia 2001, mechi zote. Uliza mtu yeyote wa Lincoln, mji wa chuo hicho.

Kipanga
Sawa, Nebraska. Wale hawana kingine cha kufanya.

Mchumi Mzururaji
Naona mmefika mbali, narudi kwenye pesa. Watu wanasahau kilichotokea Juni 2025. Jaji aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo), na kuanzia msimu huo chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Hizo pesa zinatoka wapi? Tennessee walisema wazi mapema, tangu 2024: asilimia 10 juu ya tiketi za futiboli kwa ajili ya vipaji. Wengine hawasemi, wanaunda kifurushi. Na kabla ya hapo kuna vyuo ambavyo mwanafunzi anakatwa ada ya michezo peke yake zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka, James Madison kule Virginia kwa mfano. Kwa hiyo BintiPangani hoja yako ya ada ni nzito kuliko ya kifurushi, ungeanza nayo.

Halafu wanafunzi wana nguvu wakitaka. Michigan 2014 tiketi za msimu za futiboli zilikuwa zimefika dola 295. Wanafunzi wakaacha kununua, ikafika mahali ukinunua Coke mbili unapewa tiketi mbili za mechi. Wakaandamana hadi nyumbani kwa rais wa chuo, mkurugenzi wa michezo Dave Brandon akaachia ngazi mwisho wa Oktoba, na msimu uliofuata bei ikashuka hadi 175.

Kipanga
Brandon aliondoka kwa sababu timu ilikuwa mbovu na yule mchezaji aliyegongwa kichwa akarudishwa uwanjani. Msimsingizie bei. Na hao Michigan waligomea futiboli yao wenyewe, siyo kama huyu anayetaka achague nyama aache mchuzi.

Halafu nimwambie dada ukweli mmoja: Mtanzania na michezo ya vyuo vya Marekani wapi na wapi? Tulimtoa Hasheem Thabeet basi, akachaguliwa wa kwanza NBA, tukalala.

Wa_Eldoret
😂😂 Wa pili, siyo wa kwanza. 2009 wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Na wa tatu James Harden, kama mnataka kulia vizuri.

Lakini Kipanga kwa hilo uko sawa bana. Nyinyi ndugu zetu wa huko chini mngetuachia sisi mambo ya vyuo. Henry Rono akiwa mwanafunzi wa Washington State, 1978, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Nne! Mita 3,000, viunzi na maji, 5,000 na 10,000. Na juzi juzi tu Doris Lemngole wa chuo cha Alabama, Alabama hiyo hiyo ya futiboli, bingwa wa mbio za nyika 2024, na 2025 akakimbia viunzi na maji chini ya dakika tisa akiwa mwanafunzi.

Mzee wa Kariakoo
Kijana wa Eldoret, taratibu. Unamjua Suleiman Nyambui? Chuo cha Texas El Paso. Bingwa wa nyika wa vyuo 1980. Mita 10,000 za NCAA alizichukua mwaka hadi mwaka mpaka wakamzoea. Usituambie tuwaachie.

Kipanga
Nyambui si ndiye alipata shaba Moscow?

Mzee wa Kariakoo
FEDHA. Mita 5,000, Moscow 1980, nyuma ya Yifter wa Ethiopia. Na Filbert Bayi wetu akapata fedha nyingine kwenye viunzi na maji. Kizazi hiki mnajua bei ya soda ya uwanjani tu.

Wa_Eldoret
Mzee wangu, kwa heshima zote. Moscow 1980 Kenya haikuwepo, tuligoma. Hizo medali mliokota njiani. Bayi Moscow alikimbia 8:12, rekodi ya Rono ilikuwa 8:05. Piga hesabu.

Mzee wa Kariakoo
Hatukuwafukuza. Mligoma wenyewe. Medali haipewi mtu aliyekaa nyumbani na saa yake ya mkononi.

Wa_Eldoret
Na 1976 mligoma nanyi, Bayi akakosa kukutana na John Walker wa New Zealand. Kwa hiyo?

Mzee wa Kariakoo
Kwa hiyo 1976 tuligoma *wote*, kwa ajili ya Afrika Kusini. Ile ilikuwa ya Waafrika. Ya 1980 mlimfuata Carter, rais wa Marekani.

Dada Nuru
Jamani nimesoma ukurasa mzima nikitafuta bei ya tiketi, nimekuta Carter.

Wa_Eldoret
Hapo kwa Carter umenigusa mzee. Rono hakuwahi kukanyaga Olimpiki hata moja kwa sababu ya wanasiasa, amefariki 2024 bila hiyo medali, na wewe unafanya mzaha.

Mzee wa Kariakoo
Kwa Rono sina mzaha. Alikuwa mtu. Nazungumza na wewe.

Fundi wa Geti
Niliuliza swali huko juu, hakuna aliyelijibu.

Mlinzi wa Lango Jr
Wewe ndiye uliyesema watu wanakwenda kunywa maegeshoni, sasa unataka heshima.

Dada Nuru
Fundi, mimi nakujibu kwa sehemu. Nilikuwa chuo chenye kifurushi cha aina hiyo, kabla yenu. Kulikuwa na mfumo wa alama: kila mechi uliyoskani unaongezewa, hata ya wavu, na mwenye alama nyingi ndiye anatangulia kuchagua viti vya kikapu vya karibu. Matokeo yake nilienda hoki nikiwa sijui hata ule mpira bapa uko wapi. Mwezi wa pili nikawa napiga kelele kuliko wenyeji. Kwa hiyo kwangu kifurushi kilinifundisha kitu ambacho nisingekinunua. Lakini bei yake ilikuwa nusu ya hiyo ya BintiPangani, na kikapu peke yake bado kiliuzwa kwa aliyekitaka. Hapo ndipo pananikera, siyo kufunga pamoja, ni kufuta kile cha peke yake.

Kipanga
Duke wanaingia bure, halafu wanalala kwenye mahema majuma kadhaa Januari wakisubiri mechi ya North Carolina. Mngependa hivyo?

BintiPangani
Ndiyo! Ningependa! Usingizi wangu ninao, 240 sina!

Mchumi Mzururaji
Ndiyo tofauti ya kulipa kwa muda na kulipa kwa pesa. Mwanafunzi ana muda, mwenye chumba cha kifahari juu uwanjani ana pesa. Chuo kimeamua kumwonea mwenye muda.

Kipanga
Mwenye kazi mbili za usiku naye ni mwanafunzi, Mchumi. Alale hemani saa ngapi? Wa kutoka kwetu wengi wako hivyo. Mimi nilikuwa hivyo. Kwangu mimi niambie bei nilipe, nikalale kitandani.

Baba Furaha (Uvira)
Hapo Kipanga umesema neno la mtu mzima.

Kipanga
Asante mzee. Ya wavu tusameheane.

Baba Furaha (Uvira)
Ya wavu bado.

BintiPangani
Sasa nimepata wazo, mwisho wa kununua ni Ijumaa. Tiketi zinakaa kwenye simu na unaweza kumhamishia mwanafunzi mwingine mechi moja moja. Nanunua kifurushi, kikapu nabaki nacho, futiboli nauza zote saba. Kipanga si uko chuo hiki hiki? Uliniambia faragha kwamba unasoma shahada ya pili hapa.

Kipanga
Mambo ya faragha yabaki faragha. Ngapi?

BintiPangani
150 zote saba, pamoja na ya mahasimu.

Kipanga
80.

Dada Nuru
Kipanga!! Uliyesema ni kama bure?

Kipanga
Benchi ni bati dada, na baridi inapanda kutokea chini. Mwenyewe kaandika. 80, na ya hoki uongeze.

BintiPangani
120, na hoki siuzi, Dada Nuru kanitia hamu.

Fundi wa Geti
Angalizo: mechi ya mahasimu wanakagua kitambulisho chenye picha. Jina likitofautiana na la kwenye simu hupiti mpaka mwenye tiketi awe amekuhamishia kabla geti halijafunguliwa. Nimewarudisha watu wengi wakilia.

Kipanga
100 na unihamishie Ijumaa usiku.

Wa_Eldoret
Mzee wa Kariakoo, nimeangalia. Malinowski aliyeshinda ile ya viunzi Moscow alikimbia 8:09. Rono angemwacha hata yeye.

Mzee wa Kariakoo
Angemwacha. Bayi alikuwepo.