Naombeni ushauri: filamu za zamani za Kerala, mapenzi ya kukatazwa

Wakuu habarini, niko Muscat, kazini nimezungukwa na Wamalayali (watu wa Kerala, India) na wao ndo wamenitia ugonjwa wa filamu zao za zamani. Nilianza na Chemmeen ya 1965, binti wa mvuvi Mhindu anampenda mfanyabiashara Muislamu, na pwani ile wanaamini mke akitoka nje ya ndoa bahari inamchukua mume, yani hakuna anayevua nguo lakini roho inakudunda mpaka mwisho. Baadae nikaangalia Thoovanathumbikal ya mwongozaji Padmarajan, 1987, yule dada Clara akitokea na mvua nayo imo, mvua na macho tu basi, mi hoi.

Sasa nikitafuta zingine mtandaoni naletewa ngono tupu, jamaa nikiwauliza wanaona aibu (wanaishia kuchekacheka), YouTube nako nyingi hazina maandishi ya Kiingereza chini na Kimalayalam sijui kitu.

Naomba kujua, kati ya kazi za Padmarajan na mwongozaji mwenzake Bharathan nifuate ipi, yenye ile hamu iliyobanwa, sio uchi? Na zenye maandishi ya Kiingereza mnazipata wapi? Hata inbox poa.