MJADALA: Risasi za zamani za bolti fupi ziboreshwe, au tukubali tu kununua jina jipya kila baada ya muda?

Wakuu salama? Wana Mwanza na kanda ya ziwa mnaomiliki bunduki za kuwindia kihalali karibuni, na nyie mnaosomaga kimya kimya mkaondoka karibuni pia. Kuna ubishi nausikia kila tukikaa, kwamba risasi za bunduki za bolti fupi (bolti ni kile chuma unachokivuta kupakia risasi), yaani zile ambazo ganda lenye baruti na kichwa kinachoruka kwa pamoja ni milimita 71 hivi, .243, .308, 7mm-08, .260 na ndugu zao, zimepitwa na wakati. Wengine wanasema zifanyiwe maboresho zibaki na majina yao, wengine wanasema zife tuhamie kwenye risasi za majina mapya, akina Creedmoor.

Mi msimamo wangu nautoa mapema tusizungushane: ganda liachwe kama lilivyo, kinachotakiwa kubadilika ni mtutu.

Maana tuanzie hapa, hizi tunazoziita za zamani zenyewe zilikuwa maboresho. .308 ilitoka 1952 baada ya Wamarekani kuifupisha .30-06 yao ya 1906, ganda likashuka kutoka milimita 63 mpaka 51 na nguvu ikabaki karibu ile ile kwa sababu baruti ilikuwa imekuwa bora. 1955 wakalibana shingo ganda hilo hilo ikawa .243, 1980 ikaja 7mm-08, 1997 .260 Remington. Ganda moja hilo limezaa ukoo mzima na hakuna aliyelalamika kwamba ganda ni baya.

Sasa .243 kosa lake nini? Ile mifuo ndani ya mtutu inayoifanya risasi izunguke, kwenye .243 ya kawaida inamaliza mzunguko mmoja kila inchi 10. Kwa kichwa cha greni 100 (greni ni kipimo cha uzito) cha kizamani inatosha kabisa, swala pala hana cha kujibu. Ila ukileta hivi vichwa vya kisasa virefu vyenye ncha kali, greni 105 kwenda 115, huo mzunguko ni mdogo, kichwa hakitulii hewani, unaweza ukakuta tundu kwenye karatasi limekaa kiubavu ukadhani darubini imegongwa. Weka mtutu wa mzunguko kila inchi 8, shida kubwa imeisha hapo. Na jamaa wanaoisifia 6mm Creedmoor huwa hawapendi kusema hili: ganda lake linabeba baruti KIDOGO kuliko la .243. Ilichozidi ni mtutu unaozungusha haraka, na ganda fupi linaloacha nafasi ya kichwa kirefu.

Mnataka ushahidi kwamba mtutu ndio unaua au kuokoa risasi? Mwaka ule ule wa 1955 Remington, kiwanda cha Marekani, walitoa .244, kaliba (upenyo) ile ile ya milimita 6, ila mitutu yao ilizunguka mara moja kila inchi 12 kwa sababu waliwaza vichwa vyepesi vya kupigia wanyama wadogo. Watu wakataka greni 100 wapige na paa, bunduki ikasumbua, .243 ikala soko lote. 1963 Remington wakairudisha kwa jina la 6mm Remington na mzunguko wa inchi 9, ganda lile lile halijaguswa hata unywele, lakini wateja walishaondoka zamani. Kiwanda kilikosea namba moja ya mtutu, risasi ikabeba lawama.

Halafu njoo huku kwetu. Mmarekani anaingia dukani na pesa yake anatoka na kaliba mpya. Wewe hapa Mwanza tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 unajua mlolongo ulivyo, silaha moja imeandikwa na kaliba yake, unaomba, unasubiri, unahojiwa, na ukishapata ujiulize hizo risasi za jina jipya utazipata duka gani. .308 utapata. Hata .375 H&H ya 1912, ambayo ni ndefu siyo fupi naitaja tu, mpaka leo ndiyo watu wanaishika wakimfuata nyati na hakuna anayeona aibu. Jina jipya kwetu ni sawa na kuambiwa tairi zako ni nyembamba kwa hiyo nunua gari lingine.

Karibuni mpinge.

——

Mdau wa Igoma:

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka penye moto. Ukiboresha risasi halafu ukaacha jina lile lile, nani atamlinda mwenye bunduki ya zamani? Angalia 7x57 ya 1892, mpaka leo viwanda vya Marekani vinaipakia kwa presha ndogo, psi (kipimo cha presha) 51,000, wakati .308 inaruhusiwa 62,000, kisa kuna bunduki za karne ya 19 bado ziko mikononi mwa watu na huwezi ukajua nani ataitumbukiza kwenye ipi. Jina jipya linawasha taa nyekundu, risasi haiingii kwenye chemba (pale inapokaa risasi nyuma ya mtutu) isiyo yake, basi. Na hata tukiacha presha, mtu ananunua boksi la .243 yenye kichwa kirefu anaenda kupiga na mtutu wake wa mzunguko wa inchi 10, anakosa au anajeruhi mnyama anakimbilia vichakani, atamlaumu nani?

Na .260 umeitaja haraka haraka ukaikimbia. Ganda lake ni milimita 51.7, la 6.5 Creedmoor ni 48.8. Kwenye magazini (kasha la risasi) fupi hizo milimita 3 ni kichwa kurudishwa ndani kinakula nafasi ya baruti. Pale kosa LIKO kwenye ganda, siyo mtutu. Creedmoor imekuja 2007, miaka kumi baada ya .260, ikaizika.

——

Mleta mada:

Igoma nakupa hiyo ya presha, mi sisemi ipandishwe, presha ibaki pale pale. Nasema bunduki MPYA za .243 zitoke na mtutu wa mzunguko wa inchi 8, na boksi la vichwa virefu liandikwe kwa herufi kubwa mtutu unaotakiwa. Bunduki ya mzunguko wa inchi 8 inapiga na vichwa vya zamani bila shida, labda vile vyepesi sana vya ngozi nyembamba ndo vinaweza kupasuka hewani, navyo huku nani anavitumia.

.260 sibishi, milimita 3 ni milimita 3. Lakini hizo zinaonekana ukipiga mita 600 au 700. Huku kwenye migunga ya upande wa Maswa mnyama unamuona mita 100, 150, akisogea umeshampoteza. Mnazungumzia faida ambayo pori letu halina nafasi ya kukuonyesha.

——

Mzee wa Magu:

Ng'wanawane nyie mnabishana milimita mi nawaza pori. Tangu 2019 Biharamulo, Burigi na Kimisi zigeuzwe kuwa hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, sehemu za mwenyeji kuwinda zimepungua, mnataka kaliba mpya mkaipige wapi? Nina .308, kongoni analala, nguruwe pori analala. Haihitaji chochote hiyo, muiache.

——

Mdau wa Capripoint:

Shikamoo mzee. Hilo la .308 niko na wewe. Ila kuna kitu hamjakigusa, vichwa vya shaba tupu. Nyama ya pori siku hizi inauzwa buchani kihalali tangu kanuni za 2020, na kichwa chenye madini ya risasi kikigonga mfupa kinaacha vipande vidogo mbali na jeraha, vinaliwa na watoto. Shaba haimwagiki hivyo. Sasa shaba ni nyepesi, kwa hiyo kwa uzito ule ule kichwa kinakuwa kirefu, na kirefu kinataka mtutu unaozungusha haraka. Kwa hiyo hata huyu wa mita 100 mtutu mpya unamhusu, siyo wa mita 700 peke yake.

——

Mleta mada:

Mzee marahaba iende kwa vijana, mi nakupa shikamoo. .308 iachwe, sina ugomvi nayo.

Capripoint hapo umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe, sababu ya shaba ina uzito kuliko hizo habari zangu za ncha kali. Ila mwenye .243 ya mzunguko wa inchi 10 asikimbie, achukue shaba ya greni 80 au 85 itatulia, asilazimishe zaidi ya hapo. .300 Savage ya 1920 naona kuna mtu kaniuliza inboksi, hiyo iacheni ipumzike, psi 47,000 na shingo fupi, hakuna cha kuokoa.

Igoma bado hujanijibu la duka. Hiyo 6.5 yako risasi unanunua wapi?